Filimbi ya Dresa

Nilifungwa Iringa mwaka mmoja, kasoro siku walizonipunguzia kwa tabia njema. Ninalisema hili mapema ili nisije nikakukuta kurasa za mbele huko unanong'ona na mwenzako. Wajukuu zangu wakisikia wanacheka, wanadhani bibi anatia chumvi, maana wao wamenikuta na gauni jeupe na mkoba wa ukunga, na nusu ya watu wa mtaa wetu hapa Soweto, Mbeya, niliwapokea mimi kwa mikono hii. Basi na wacheke. Mimi wakati ule sikuwa na la kuchekea.

Kosa langu lilikuwa moshi, ile pombe kali ya kutoneshwa kwenye bomba ambayo siku hizi mnaiita gongo. Mume wangu alikuwa amefariki kwa homa. Ndugu zake walikuja wakachukua ng'ombe na shamba, wakaniachia chungu, kinu na jiwe la kusagia. Nifanyeje? Nikapika. Na nilipika vizuri, tusidanganyane. Wanaume walikuwa wanauacha ulanzi wa jirani wanakuja kwangu. Mmoja wao, mzee mzima na mvi zake, wa kwanza kubisha hodi asubuhi na wa mwisho kuondoka, ndiye aliyemleta askari mpaka mlangoni pangu. Bwana Shauri, Mzungu wa serikali aliyesikiliza kesi, hakuniuliza mengi. Aliinusa ile chupa, akakunja uso, akaandika.

Upande wa wanawake ulikuwa ua mdogo nyuma ya ule mkubwa wa wanaume. Tulitwanga, tulisaga, tulifua nguo za jela nzima kwa sabuni iliyotuchubua vidole. Mateso sitaki kuyasimulia, na wala hayakuwa makubwa kama mnavyodhani. Kilichonikaa ni filimbi. Asubuhi filimbi, mchana filimbi, jioni filimbi. Ikilia, popote ulipo, unaacha unachofanya, unachuchumaa, mikono juu ya magoti, macho chini, mpaka uhesabiwe. Akichelewa mmoja, hesabu inaanza upya, na wote mnakaa hivyo mpaka miguu inakufa ganzi. Kwa hiyo ulijifunza haraka, hata kwa kuwaonea huruma wenzio. Ikafika mahali hatukuwa tunaisikia kwa masikio tena. Magoti ndiyo yaliyoisikia.

Siku ya kutoka sikulala Iringa. Ningelala kwa nani? Kila aliyenijua alikuwa ananijua kwa hilo. Nilipanda lori la mahindi, nikakaa juu ya magunia na wanawake wengine wawili waliokuwa wanakwenda kuzika. Upepo wa Makambako ukatupiga mpaka meno yakagongana. Wakaniuliza naenda kwa nani Mbeya. Nikasema kwa dada yangu. Sikuwa na dada Mbeya wala popote. Huo ulikuwa uongo wangu wa kwanza, na ulitoka kirahisi mno mpaka nikajiogopa mwenyewe.

Hospitali niliyopata kazi ilikuwa ya misheni, nje kidogo ya mji, kwenye mteremko wa mikaratusi. Mkuu wake alikuwa muuguzi wa Kizungu, mwanamke mrefu, mwembamba, mwenye Kiswahili cha vitabuni. Tulimwita Sista. Aliniuliza natoka wapi. Nikamwambia Iringa. Mume? Amekufa. Unaweza kufua? Hapo sikuhitaji kufikiri. Nilimfulia shuka moja mbele yake, akaigeuza huku na huku akitafuta doa, akakosa. Kesho yake nikaanza kazi. Hakuniuliza kama niliwahi kufungwa, na mimi si mpumbavu wa kujibu nisiloulizwa.

Sasa nimlete mtu mwenyewe wa habari hii.

Wodi ya wazazi ilikuwa na mkubwa wake, mwanamke wa umri wa mama yangu mdogo, mjane wa upande wa Tukuyu kama alivyojieleza mwenyewe. Kila mtu alimwita Mama wa Wodi. Alikuwa mkunga, msomaji wa Biblia kwa akina mama kila Jumatano, mjumbe pekee wa kike katika baraza la wazee wa kanisa. Funguo zote za kabati zilikuwa kiunoni mwake. Gauni lake jeupe halikuwa na kunyanzi, na viatu alivivua wakati wa kulala tu, nadhani. Wanaume wazima walikuwa wanazima sigara wakimwona anakuja.

Mwanamke huyo alinikalia kooni miaka miwili. Shuka nimeifua, nimeisuuza, nimeianika; yeye anapita, anashika pindo kwa vidole viwili, anasema, "Rudia." Rudia! Na maji yale yalikuwa ya mlimani, mwezi wa sita, unaingiza mkono mzima unautoa huna habari nao. Nikirudia, anasema, "Umeona sasa? Ulikuwa unaweza." Hakunitukana hata siku moja. Angenitukana ningepumua. Alikuwa ananiangalia tu, halafu anauliza, taratibu, kama mtu anayetafuta mwiba kwenye unyayo.

"Binti, kwenu hakuna watu?"

"Wapo, mama."

"Mbona huandikiwi barua?"

"Hawajui kuandika."

"Na wewe ulijifunza wapi kufua hivi? Huku si kufua kwa nyumbani."

Loo! Nilikuwa namjibu huku nazidi kusugua. Nikirudi chumbani kwangu nilimsema peke yangu kwa Kihehe, maneno ambayo mchungaji angeyasikia angenitoa kanisani kwa mguu wake mwenyewe. Nilimchukia. Siyo kwamba sikumpenda. Nilimchukia, na nilijua kwa yakini kwamba siku akiupata ule mwiba atauchomoa mbele ya watu.

Kilichonitoa kwenye shuka ni mama mmoja wa Kisafwa. Alikuwa ameteremka mlimani kwa miguu, uchungu umemshika njiani, akaishia pale penye kamba zangu za kuanikia, akashika mti. Sista alikuwa mjini, Mama wa Wodi alikuwa na mzazi mwingine ndani. Nikatandika shuka mbili safi chini na nikamsaidia kama nilivyomwona bibi yangu akifanya tangu nikiwa mdogo. Mtoto alitoka na kitovu kimemzunguka shingo. Nikakipitisha kichwani kwake polepole, akalia. Sista alipofika alikuta nimemfunika mama, nimempa mtoto ziwa, na mimi nalia kuliko mtoto. Mama wa Wodi alisimama mlangoni pa wodi akatazama yote. Akasema, "Hizo shuka utazirudia." Basi. Ndiyo sifa niliyopata kwake.

Lakini Sista alianza kuniita ndani. Kwanza kushika taa, kisha kuchemsha vyombo, kisha kupokea watoto. Nilikuwa nimefika darasa la nne kabla ya kuolewa, kwa hiyo kusoma nilijua. Mwaka uliofuata akaniambia kuna nafasi moja ya mafunzo ya ukunga, huko huko Iringa, na anataka kuniombea mimi. Moja tu. Sharti lake lilikuwa barua ya baraza la kanisa kwamba mwombaji ni mtu wa mwenendo safi.

Nieleze nafasi ile ilikuwa nini kwangu, maana watu husema, ah, kozi tu. Mlango wangu uligongwa na askari. Baada ya hapo, miaka yote, mtu akigonga nilishtuka, hata akiwa ameleta chumvi. Mkunga naye anagongewa mlango, lakini anagongewa kwa kubembelezwa: mama, tunakuomba, amka, twende. Nilitaka kugongewa hivyo. Niliitaka ile nafasi kufa na kupona, na sikuwa na kitu kingine duniani nilichokitaka.

Sasa ndipo akaja dresa mpya, mfunga vidonda wa hospitali.

Yule wa zamani alikuwa amehamia Chunya, kwenye dhahabu. Huyu alikuwa kijana wa makamo, nadhifu, mwenye kuwahi kazini, na kabla ya kuja kwetu alikuwa anafunga vidonda katika zahanati ya jela mojawapo huko kaskazini. Nilipoambiwa hivyo niliogopa. Nikajituliza: kaskazini siyo Iringa, hanijui, simjui. Na kweli alinisalimia vizuri, "Hujambo dada," akapita zake. Nikasema, Mungu ni mwema.

Siku ya tatu, saa nne asubuhi, wagonjwa wa nje walikuwa wamejazana barazani, kelele tupu, kila mtu anataka kuingia wa kwanza. Mimi nilikuwa nyuma, kwenye kamba, mahali panapoonekana kutoka barazani. Nilikuwa nimeanika mistari miwili mirefu, shuka zinapepea, na beseni la tatu nimelibeba kiunoni. Dresa akatoka barazani, akatia mkono mfukoni, akapiga filimbi kuwanyamazisha.

Sikuamua. Naapa mbele za Mungu sikuamua. Beseni lilianguka, shuka zikamwagika kwenye tope, na mimi nilikuwa chini, nimechuchumaa, mikono juu ya magoti, macho kwenye ardhi. Nilikuwa nangoja kuhesabiwa. Ilinichukua muda kuona kwamba hii siyo ardhi ya Iringa.

Na macho yakiwa pale chini, chini ya pindo la shuka zilizoanikwa, nikaona viatu. Viatu vyeupe vilivyopakwa chokaa. Juu ya viatu magoti, juu ya magoti mikono miwili imelala sawasawa kama inavyotakiwa, na kiunoni rundo la funguo limegusa nyasi. Upepo ukainua ile shuka. Nikamwona uso. Mama wa Wodi alikuwa amechuchumaa upande wa pili, hatua tatu kutoka kwangu, naye ananitazama.

Uso wake ulikuwa umemomonyoka, hauna ule ukali hata chembe, uso wa mtu aliyekamatwa. Akasimama yeye kwanza. Akakung'uta gauni, akashika funguo zisilie, akaenda zake kuelekea wodini bila kugeuka.

Mimi nilijifanya naokota shuka. Nikasikia viatu nyuma yangu.

"Pole, dada," dresa akasema. "Umeangusha."

"Nimeteleza."

Hakuwa mtu mbaya, nataka nimtendee haki. Alikuwa mtu wa taratibu, na mtu wa taratibu akiona kitu hawezi kukiacha. "Nimefanya kazi jela miaka minane," akasema. "Mtu anayeteleza hakai hivyo." Kisha akatazama zile shuka zilizoanikwa. "Na nyuma hapa alikuwepo mwingine. Ni nani?"

"Sikumwona," nikasema.

Hiyo ilikuwa Jumatano. Jioni yake dresa alikwenda kwa mchungaji. Alhamisi asubuhi hospitali nzima ilikuwa inajua kwamba baraza litakaa Jumamosi, kwamba jambo ni mimi, na kwamba barua yangu ya Iringa imesimamishwa.

Alhamisi hiyo hiyo, jua halijapasha, Mama wa Wodi akaja kwenye mabirika ya kufulia. Ilikuwa mara ya kwanza kumwona anakuja pale bila kushika pindo la kitu. Alisimama akitazama maji.

"Ulikaa muda gani?" akaniuliza.

"Mwaka."

"Mimi sita." Akageuka kuona kama kuna mtu. "Siyo huku. Mbali. Zamani, kabla ya vita kwisha. Hapa hakuna anayejua. Hata Sista."

Sikuuliza kosa lake. Miaka sita si pombe, hilo nilijua. Nikaendelea kusugua.

"Nilikujua wiki ya kwanza," akasema. "Unavyofua. Unavyokunja blanketi. Unavyokula umekumbatia sahani. Nilikuwa nakuogopa, binti yangu. Kila nikikuona nilikuwa najiona mimi, nikawa nasema, akikaa hapa huyu, siku moja watu wataona tunafanana."

Kumbe! Miaka miwili ya Rudia, Rudia, ndiyo hiyo. Mwingine angemwonea huruma. Mimi damu ilinichemka. Nilitaka kumpiga na shuka mbichi. Nimegandishwa vidole na mtu anayenijua, mtu aliyekula uji ule ule!

Akanitazama usoni. "Jumamosi watakuuliza mwingine alikuwa nani. Utanitaja?"

Ningeweza kusema hapana. Lilikuwa neno moja dogo, na lingemrudishia usingizi. Lakini nilikuwa na hasira, na juu ya hasira nilikuwa na hofu, na nilikuwa nimeshaanza kupiga hesabu kichwani kwamba jina lake lina thamani kuliko langu.

"Sijui," nikamjibu.

Akatikisa kichwa taratibu, kama mtu aliyepewa bei aliyoitegemea. Akaondoka.

Siku zile mbili nilimwona akivunjika. Ijumaa aliangusha trei ya vyombo vilivyochemshwa, yeye ambaye hakuwahi kuangusha kijiko. Alisahau funguo kwenye kabati, Sista akamletea. Kwenye sala ya asubuhi alikosea mstari anaoujua kwa moyo, akina mama wakatazamana. Kila tulipopishana alinitazama mara moja, haraka, kama mgonjwa anavyomtazama daktari. Nami nilikuwa napita. Nilifurahi. Mungu anisamehe, nilifurahi mno, na chakula kilinipita vizuri kuliko siku zote.

Jumamosi tukaingia darasani, maana baraza lilikaa kwenye darasa la shule ya misheni. Mchungaji alikuwa mezani, kulia kwake wazee wawili, kushoto Sista, na mwisho wa benchi Mama wa Wodi, amenyooka, mikono mapajani. Dresa alisimama karibu na dirisha. Mimi nilipewa kiti cha mwanafunzi, kidogo, magoti yakafika kifuani.

Mchungaji hakuzunguka. "Mama, umewahi kufungwa?"

"Ndiyo."

Mzee mmoja akaguna. Sista hakusogea.

"Kwa kosa gani?"

"Moshi. Mwaka mmoja. Iringa."

"Mbona hukusema?"

"Sikuulizwa, mchungaji. Ningesema mngenipa shuka za kufua?"

Nilijua nimemjibu vibaya, mdomo wangu ndivyo ulivyo. Lakini Sista aliinamisha kichwa, nikadhani anaficha kitu kama tabasamu. Akasema, kwa kile Kiswahili chake, kwamba mtu aliyetumikia kifungo chake amekwisha kulipa, na kwamba anaona nimeulizwa na nimejibu kweli. Mchungaji akasema kweli iliyochelewa miaka miwili ni jirani wa uongo. Wakavutana hivyo kitambo.

Ndipo dresa akaombwa aseme alichoona, naye akasema chote, bila kuongeza wala kupunguza. Kwamba nilichuchumaa kama mfungwa. Kwamba nyuma ya shuka alikuwepo mtu wa pili, amekaa vile vile, mwanamke, mwenye nguo nyeupe. Uso hakuuona.

Nguo nyeupe pale zilikuwa za wanawake wanne tu, na mmoja wao alikuwa Sista.

Mchungaji akaniinamia. Sauti yake ilikuwa imelainika, na hiyo ndiyo iliyonitisha. "Mama, sikiliza. Mimi sipendi kukuharibia. Kanisa haliwezi kukaa na mambo ya kufichwa fichwa. Wewe ulimwona huyo mwingine. Tuambie ni nani, uonyeshe kwamba umeachana na mambo ya kuficha, na mimi mwenyewe nitaandika barua yako ya Iringa leo hii. Ukikataa, siwezi."

Basi hiyo ndiyo ilikuwa bei, na imewekwa mezani mbele ya watu. Sikuthubutu kutazama mwisho wa benchi. Nilitazama ubao mweusi, kulikuwa na hesabu za watoto hazijafutwa. Nikafungua mdomo.

"Nilikuwa mimi," Mama wa Wodi akasema.

Wote wakageuka. Alikuwa amesimama.

"Yule nyuma ya shuka nilikuwa mimi. Nilimwona ameanguka chini nikashuka kumwinua, halafu nikaona amechuchumaa, nikamwelewa. Lakini nisiseme uongo mbele ya baraza: nilikuwa najua tangu zamani. Wiki aliyofika nilijua amefungwa. Mimi ndiye niliyemwambia asiseme. Akiwa na kosa la kuficha, kosa ni langu. Nilikuwa mkubwa wake."

Akili ile! Hata leo naistaajabia. Alikuwa ameuchukua ukweli na uongo akavisuka ukili mmoja wa mkeka, na dresa mwenyewe akabaki anakuna kidevu, maana kila alichoona kilikuwa kimeelezwa. Lakini mchungaji alikuwa amepauka. Mimi nilikuwa mfuaji tu, nani ananijali. Yeye alikuwa mjumbe wa baraza, msomaji wa Jumatano, na alikuwa amewaficha wenzake miaka miwili. Hilo liliwauma kuliko moshi wangu.

Waliamua pale pale. Mimi nimekiri, nipewe barua. Yeye atengwe na Meza ya Bwana kwa mwaka, atoke kwenye baraza, na funguo azirudishe, kwa sababu mtu mficha mambo hashiki funguo za misheni. Sista alibisha mpaka shingo ikawa nyekundu. Hakusikilizwa. Mama wa Wodi alifungua ule ukanda kiunoni, akaziweka funguo mezani bila kuzirusha, akasema, "Asanteni," akatoka.

Nilikaa Iringa kwa mafunzo. Jumapili tukitoka kanisani njia ilipita karibu na jela, na wenzangu walikuwa wanashangaa kwa nini mimi navuka barabara. Nilifaulu vizuri. Nilipewa gauni, nikapewa mkoba, na niliporudi Mbeya Sista alinipokea getini mwenyewe, akanikabidhi wodi ya wazazi. Na funguo. Zile zile.

Siku ya kwanza nikaenda nyuma kutafuta shuka, na pale kwenye mabirika nikamkuta. Mama wa Wodi alikuwa anafua. Hakuna aliyemlazimisha, walimwambia atafute kazi kwingine, akasema yeye hana kwingine, apewe yoyote. Walimpa yangu. Gauni jeupe hakuwa nalo tena, alikuwa amejifunga kanga kuukuu, na mikono imemvimba kwa yale maji.

Nilisimama mbele yake na vile vyeupe vyangu, nikaona haya mpaka nikatamani ardhi ipasuke. Nikaanza kulia. "Mama, inuka. Twende kwa Sista. Tukaseme."

"Tukaseme nini? Kwamba ni miaka sita? Nyamaza, mwanangu. Futa uso, wazazi wasikuone hivyo." Alikamua shuka, akaiweka kwenye beseni. Kisha akacheka kidogo, kicheko ambacho sikuwahi kukisikia kwake. "Na mimi sijakushukuru. Siku zile uliponiambia hujui, nilikuwa nimekufa. Nikasema, huyu nimemtesa, atalipa kisasi. Halafu mchungaji akakuwekea Iringa yote mezani, nami nikakuona unafungua mdomo, nikajua unakwenda kukataa. Ungekataa, ungepoteza kila kitu kwa ajili yangu, mimi niliyekufanyia yale. Nikasema hapana, kwa hili sitakubali, nikasimama. Wewe ndiwe uliyenipa moyo wa kusimama."

Alikuwa ananitazama kwa upendo. Miaka yote mitatu ya kujuana kwetu sikuwahi kutazamwa hivyo na mtu yeyote, na nilijua nikisema neno moja la kweli nitaupoteza.

"Haina neno, mama," nikasema.

Aliishi miaka kumi na tisa baada ya hapo. Watoto niliowazaa baadaye walimwita bibi. Kila mgeni aliyefika nyumbani alimweleza, huku amenishika mkono, kwamba huyu ni mtu ambaye alikuwa tayari kupoteza maisha yake ili asimtaje mwenzake, na mimi nilikuwa nainama, watu wakidhani ni unyenyekevu. Nilipofungua mdomo darasani, nilifungua nimtaje.